UZI: Kujaza upya kaseti za milimita 16 (Minolta 16, Kiev-30) – kukata filamu, kupakia, kupiga na kusafisha kwenye joto la pwani

langoni16 (Lamu)

Assalam aleikum wenzangu. Nina kamera mbili ndogo za filamu ya milimita 16, Minolta 16 II na Kiev-30, na kaseti tupu tatu za kutilia filamu. Filamu iliyokwisha kupakiwa kiwandani haipatikani, na ile ya zamani inayouzwa mtandaoni imekwisha muda miaka mingi. Filamu za milimita 35 nazipata. Naomba maelezo kamili: kukata, kupakia, kusafisha (kutoa picha kwa dawa). Joto letu mwalijua, na maji ya mfereji yana chumvi. Msinifichie kitu.

kalipa_malindi

Waaleikum salaam kaka. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua kila kitu.

Minolta 16 yapiga picha ya milimita 10 kwa 14. Kiev-30 ni 13 kwa 17. Filamu ya 35 ni 24 kwa 36. Kwa eneo, picha ya Minolta ni kama sehemu moja ya sita ya ile ya 35, na ya Kiev ni kama robo. Ukitaka picha ya karatasi ya sentimita 13 kwa 18 kutoka Minolta unakuza mara 13. Chembe ya vumbi yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita itakuwa doa la milimita 1.3 usoni mwa mtu. Kwa hiyo ukisikia tunahimiza usafi na vipimo, si ushamba wala uchoyo.

Kaseti: za Kiev zaingia kwenye Minolta 16. Kiev-Vega ya kiwanda cha Arsenal ilitengenezwa kwa kufuata Minolta, na kaseti zikabaki zile zile hata kwenye Kiev-30. Zinatafutwa sana kwa sababu zafunguka bila kuvunjika. Ya Minolta ni plastiki, vifuniko vyake vitoe polepole kwa ukucha, usitie bisibisi.

KUKATA. Filamu ya 35 ina matundu pembeni. Kutoka ukingo wa nje hadi mwisho wa tundu ni karibu milimita 4.8 kila upande, kati panabaki 25 na kitu palipo safi. Mkanda wa 16 unautoa hapo katikati: acha 9.5 kushoto, 9.5 kulia. Filamu ya 36 ina urefu wa karibu mita 1.6, ukitoa ulimi wa mwanzo na kipande kilichogandishwa kwenye spuli (kijiti cha kuviringishia filamu) unapata vipande vitatu vya sentimita 45. Kipande kimoja ni picha 20 za Minolta.

Kikatio chenyewe: kipande cha alumini au mbao ngumu kavu, urefu wa sentimita 8 hivi, kilichochimbwa mfereji wa upana wa 35.1 na kina cha nusu milimita. Lamu hamna shida ya fundi wa mbao. Anayechonga mlango atakuchimbia mfereji huu kabla chai haijapoa, lakini mpe kalipa (kipimio cha sehemu ndogo za milimita) mkononi, usimpe rula. Juu yake kifuniko bapa chenye nyembe mbili zilizosimama, kati yake washa (pete bapa) za chuma zilizopangwa hadi zifike 15.95. Hicho ndicho kipimo cha filamu ya 16. Ikizidi 16.0 itakwama kwenye njia ya kamera na utasikia mkono mzito unapovuta. Ikipungua chini ya 15.85 itayumba, na picha zitapanda na kushuka kwenye mkanda.

Wembe wa kunyolea ni mwembamba, wapinda. Bora wembe wa kisu cha karatasi, ule wa milimita 9 unaokatika vipande. Uelekeze kwa mlalo wa digrii 30 hadi 45, ncha ipenye filamu na kuingia mfereji mdogo ulio chini yake. Nyembe mpya zina mafuta: zifute kwa spiriti. Na kwa hewa yetu ya chumvi zinashika kutu kwa wiki moja tu, kwa hiyo badilisha kila unapokata, ni shilingi chache. Wembe wenye kutu haukati, wararua, na kila mraruo ni unga wa filamu ndani ya kamera.

Jaribu kwanza mwangani kwa filamu mbovu. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa mkanda. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya 0.05, kifuniko kinacheza. Kaza skrubu kabla ya kuharibu filamu nzima.

bi_mkomani (Lamu)

Kalipa amesema kweli, ila kwa giza nina la kuongeza. Watu wengi hununua mfuko wa giza wa kutia mikono. Hapa Lamu mwezi wa tatu usiutumie! Mikono yatoa jasho, dakika tano tu hewa ya mfukoni inakuwa kama ya chungu kilichofunikwa, filamu inanata na alama za vidole zinabaki. Nyumba zetu za mawe zina faida: chumba cha ndani kabisa hakina dirisha na kuta ni nene. Subiri usiku baada ya isha, zima taa ya ukumbi, ziba ufa wa chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa, kaa dakika tano. Ukiona mkono wako, bado.

Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa. Usipake poda.

Kama filamu imetoka friji, iache kwenye kopo lake lililofungwa saa tatu kabla ya kulifungua. Ukifungua papo hapo umande wa pwani utaikalia.

Vipande vya selotepu vikate kabla ya kuzima taa, vibandike ukingoni mwa meza. Selotepu ikivutwa gizani hutoa mwanga mdogo wa buluu palepale inapoachana na rola, na filamu inauona.

Kupakia ni hivi. Kata ncha ya mkanda mraba, isiwe mshazari. Upande wa dawa, yaani utando unaoshika picha, utaujua kwa mdomo: lowesha mdomo kidogo, gusa kona ya ncha, upande unaonata ndio wenye dawa. Mkanda wenyewe pia hujikunja kuelekea upande huo. Bandika ncha kwenye spuli ya kupokelea kwa selotepu nyembamba ya plastiki, kipande cha milimita 10, kisitokeze nje ya filamu hata kidogo. Selotepu ya karatasi inalegea kwa unyevu. Halafu sehemu iliyobaki ikunje kwa kushika kingo tu, dawa ikiwa ndani, iwe rola ya kuingia kwenye chumba cha kutolea. Chumba hicho hakina spuli: filamu inakaa yenyewe, na mwisho wake hauungwi popote. Ndiyo sababu kamera hizi hazina kurudisha nyuma. Picha ya mwisho ikipita, mkanda wote uko upande wa pili.

Usikaze rola kwa kuvuta ncha, itajikwaruza. Rola ikikataa kuingia, ifungue uianze upya.

Rudisha vifuniko, zungusha selotepu nyeusi ya umeme kwenye maungo, safu moja. Safu mbili na kaseti haikai sawa kwenye kamera. Tia kwenye kopo jeusi, andika aina ya filamu na tarehe.

langoni16

Shukran sana Bi Mkomani, na wewe Kalipa. Nikitumia filamu ya sinema ya 16 yenye matundu, nitaepuka kukata?

kalipa_malindi

Kwa Minolta, naam. Picha yake ya milimita 10 inakaa katikati ya safu mbili za matundu bila kuyagusa. Kwa Kiev-30 hapana: fremu ya 13 inafika hadi milimita 1.5 kutoka ukingo, na tundu la filamu ya sinema linaingia hadi 2.7. Utakuwa na meno meusi yaliyoingia milimita 1.2 kwenye kila picha. Na filamu ya sinema ya rangi yenye rem-jet, ule utando mweusi wa mgongoni, usiipeleke kwa mtu anayesafisha rangi kwa C-41 (dawa za kawaida za filamu ya rangi) bila kumwambia. Utachafua dawa yake yote.

Njia nyingine ni kukata filamu pana ya 120. Upana wake wa 61.5 unatoa mikanda mitatu ya 16, na haina matundu hata moja. Ilford FP4 ya 120 ina unene wa 0.110, ya 35 ni 0.125, kwa hiyo ya 120 yajikunja kirahisi zaidi ndani ya kaseti ndogo. Lakini ina karatasi ya nyuma ya kuondolewa gizani na kikatio chake ni cha nyembe nne. Anza na 35.

kusi_na_kaskazi (Lamu)

Niongee kuhusu kupiga, maana watu hupakia vizuri kisha wakachoma picha zote kwa jua.

Chagua filamu ya ISO (wepesi wa kushika mwanga) 50 hadi 125. Kiev-30 ina kasi tatu tu za kupitisha mwanga, 1/30, 1/60 na 1/200 ya sekunde, na tundu la lenzi linafunga mwisho f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Saa sita mchana pale gatini, ISO 100, ni f/11 kwa 1/200: umefika ukutani. Kuta za chokaa na mchanga wa Shela vyarudisha mwanga zaidi, lakini filamu nyeusi na nyeupe yavumilia hatua moja ya kuzidi, yaani mwanga mara mbili. Ukitia ISO 400 umezidisha hatua mbili kabla hujaanza, na chembe zitakuwa kubwa juu ya hayo.

Minolta 16 II ina nafasi zaidi: f/2.8 hadi f/16, kasi hadi 1/500. Hata hivyo usikimbilie f/16. Kwa fremu ndogo namna hii, tundu likiwa dogo sana mwanga unatawanyika na picha nzima inalainika. Juani tumia f/8 kwa 1/500, ISO 100. Ni mwanga ule ule wa f/16 kwa 1/125, lakini picha ni kali zaidi na mtikisiko wa mkono umepungua.

Vichochoroni ndani ya mji, pale jua halifiki: f/2.8 kwa 1/60, na penye sakafu mbili juu ya njia shuka 1/30. Kamera ni nyepesi mno kukaa tuli yenyewe. Egemeza mkono kwenye baraza au ukuta, bonyeza kwa kuminya, usidunde.

Fokasi: Minolta haina, iliwekwa kiwandani, kwa hiyo f/5.6 kwenda juu ndipo mbali na karibu vyote vinakuwa vizuri. Kiev-30 ina gurudumu kuanzia nusu mita. Ukiliweka karibu mita tatu na nusu kwa f/11, kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi upeo wa macho kinatosha. Kwa jahazi linaloingia na watu waliosimama gatini hutagusa tena gurudumu.

Jambo moja la adabu. Kamera hii watu huiita ya kijasusi, na kwa udogo wake unaonekana kama unaiba. Iweke wazi mkononi, omba ruhusa, hasa kwa kina mama na karibu na misikiti. Askari na kambi usielekeze kabisa.

bi_mkomani

Nongeza: ukitumia Ilford Pan F ya ISO 50, usiiache wiki nyingi bila kusafishwa. Picha iliyopigwa hufifia mapema kwenye filamu hii kuliko kwenye nyingine, na joto laharakisha. FP4 inasubiri vizuri zaidi.

mzee_wa_fiksa (Malindi)

Vijana, mmefika kwangu.

Kwanza chombo. Rili nyingi za plastiki, zile za kushikia filamu ndani ya tangi la kusafishia, zinaishia milimita 35. Kama hamna rili ya 16, tumieni bomba la plastiki la maji la kipenyo cha milimita 32. Mzunguko wake ni karibu sentimita 10, basi mkanda wa 45 unazunguka mara nne na nusu. Uzungusheni kama kamba ya mlingoti, dawa ikiwa NJE, mizunguko isigusane, ncha mbili zishikwe na mipira. Urefu unaotumika ni kama sentimita 8 au 9, unaingia kwenye tangi la kawaida. Toboeni bomba matundu mengi. Mgongo wa filamu uliolala kwenye bomba haufikiwi vizuri na dawa, utabaki na rangi; kwa hiyo baada ya dakika kadhaa za fiksa (dawa inayofanya picha idumu), taa yaweza kuwashwa, toeni mkanda, uogesheni wazi kwenye fiksa ile ile dakika mbili, ndipo muoshe.

Sasa joto. Maji ya bombani hapa ni nyuzi 28, wakati mwingine 30. Kwa dawa ya kusafishia ya D-76 au ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, FP4 yataka dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 7 na nusu. Kwa 28 itakuwa chini ya tano, na chini ya tano dawa haienei sawa: mtaona mawingu angani ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo shusheni hadi 24. Barafu ipo kila mahali wanapouza samaki. Itieni kwenye chupa iliyofungwa, chupa kwenye beseni la maji, na vyombo vyote vya dawa vikae humo humo. Barafu isiguse dawa, itaipunguza nguvu.

Muhimu kuliko nyuzi 24 ni USAWA. Dawa 24, maji ya kukatia (ya kusimamisha kazi ya dawa) 24, fiksa 24, maji ya kuoshea yasizidi 26. Mkitoka 24 mkamimina maji ya 31 ya tangi la juu ya paa, utando wa dawa unavimba na kukunjamana. Kwenye picha kubwa hamtauona. Kwenye fremu ya milimita 10 ni ngozi ya mamba.

Kama barafu haipo kabisa, kuna njia ya nchi za joto: salfeti ya sodiamu isiyo na maji ndani ya D-76 isiyopunguzwa. Gramu 50 kwa lita kati ya nyuzi 24 na 27, gramu 75 hadi 29, gramu 100 hadi 32. Chumvi hii inazuia utando kunywa maji na kuvimba. Anzeni na muda wa kawaida wa nyuzi 20, jaribuni kwa kipande cha picha tatu. Angalieni jina: ni salfeti, si salfaiti. Salfaiti tayari imo kwenye dawa, na kazi yake ni nyingine.

kusi_na_kaskazi

Mzee shikamoo. Kusafisha filamu kwa kahawa na soda ya kufulia vipi? Watu wengi huko nje wanaisifu.

mzee_wa_fiksa

Marahaba. Yafanya kazi: soda ya kufulia gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya papo hapo gramu 40 kwa lita, dakika 15 kwa nyuzi 20. Lakini huongeza madoa ya rangi na ukungu, na kwa fremu ndogo sipendi. Na tahadhari kwa Kenya: magadi ya kupikia siyo soda ya kufulia. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, hayana ukali unaotakiwa. Yatie kwenye oveni yenye moto mkali, bikaboneti igeuke, ndipo yapimwe. Fiksa ni lazima vilevile. Hakuna cha jikoni kinachochukua nafasi yake.

Fiksa ipime kwa kipande cha filamu mbichi: hesabu sekunde hadi kiwe wazi, zidisha mara mbili, huo ndio muda wa chini.

Kuosha kwa maji machache: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Maji yenye chumvi kwa hizi za mwanzo hayana ubaya, hata maji ya bahari huondoa fiksa upesi kuliko maji baridi ya kunywa. Ubaya ni chumvi kubaki. Kwa hiyo mwisho pitisha maji ya mvua au ya chupa kwa dakika tano, yabadilishe mara mbili, yale ya mwisho kabisa yawe na tone moja tu la dawa ya kuteleza, ili maji yasiache madoa. Usifute filamu kwa vidole.

langoni16

Nimekata, nimepakia, nimesafisha FP4 kwa nyuzi 24 dakika 7 na nusu. Picha 17 zimetoka. Makosa matatu: (1) mstari mmoja mwembamba mrefu unapita fremu zote, kwenye skani ni mweupe. (2) Weusi pembeni ya negativu (filamu iliyosafishwa, weupe na weusi vikiwa kinyume) unaojirudia, unapita hadi nje ya fremu. (3) Fremu ya 18 na 19 zimepandana, baada ya hapo hakuna kitu.

kalipa_malindi

Hongera! Makosa yako yasomeka vizuri.

La kwanza: mstari mweupe kwenye picha iliyogeuzwa ni mkwaruzo wa mgongoni, upande usio na dawa. Ungekuwa umeng'oa dawa, negativu ingekuwa wazi hapo na picha ingetoka na mstari mweusi. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya kamera haina kosa. Tazama bamba linalobana filamu kwa nyuma, na midomo ya kaseti. Chukua karatasi laini, ipitishe kwenye mdomo wa kaseti mara tatu, itazame kwenye taa. Utaona unga wa filamu, wa kijivu. Huo umetoka kwenye wembe. Baada ya kukata pitisha mkanda mara moja katikati ya kitambaa kikavu cha miwani, ukibana kwa wepesi.

La pili: weusi unaotoka nje ya fremu haukuingia kwa lenzi. Mwanga wa lenzi hukatwa na dirisha la fremu. Huu umeingia wakati filamu iko ndani ya kaseti. Pima umbali kati ya doa na doa. Ukiongezeka kidogo kidogo, ni mzunguko wa rola, yaani mwanga umepenya kifuniko ukachoma tabaka baada ya tabaka. Madoa yaliyokoza ndiyo tabaka la nje.

langoni16

Umbali: milimita 31, 33, 36, 38. Yaliyokoza ni yale ya mwisho wa mkanda.

kalipa_malindi

Basi ni chumba cha kupokelea, baada ya picha kupigwa. Huko mwisho wa mkanda ndio tabaka la nje. Kifuniko cha upande huo kimelegea, pengine ulipokuwa ukitoa kaseti kwenye kamera juani. Selotepu mpya, na toa kaseti kivulini daima, ndani ya kiganja.

La tatu nawaachia wengine.

bi_mkomani

La tatu ni urefu au unene. Pima mkanda wote.

langoni16

Sentimita 48. Nilikata ndefu kidogo nipate picha zaidi.

bi_mkomani

Ndilo hilo. Chumba cha kupokelea kimejaa. Filamu ya 35 ni nene, na rola ya sentimita 48 inagusa ukuta wa kaseti kabla ya picha ya 20. Spuli inateleza, fremu zinapandana. Kata 45, na kwa filamu nene kata hata 43 ukubali picha 18. Na usivute kwa nguvu mkono ukiwa mzito. Selotepu ya spuli itaachia na utajaza picha zote juu ya fremu moja.

kusi_na_kaskazi

Skani umeifanyaje? Kama ni skana bapa ya nukta 2400 za kweli, fremu ya milimita 14 yakupa kama pikseli 1,320 tu. Kamera ya dijitali ya pikseli milioni 24 yenye lenzi ya makro ya ukubwa halisi (1:1), kwenye kihisi cha APS-C (kidogo kuliko fremu ya 35), yakupa karibu 3,570 kwa fremu hiyo hiyo. Kata dirisha la 10 kwa 14 kwenye kadi nyeusi, mwanga wa pembeni usiingie, upande wa dawa uelekee kamera kisha geuza picha kwenye kompyuta.

mzee_wa_fiksa

Na kukausha: ining'inize filamu msalani dakika chache baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limelala, mlango umefungwa, klipu mbili za nguo chini kama uzito. Kwa unyevu wetu hesabu saa tatu. Usiwashe feni, upepo wa feni Lamu ni mchanga. Ikikauka kata vipande vya fremu sita, tia kwenye bahasha za karatasi si za plastiki, bahasha kwenye kopo la bati lenye silika (punje za kunyonya unyevu). Silika ikigeuka rangi, ikaange kwenye sufuria kavu moto mdogo na uirudishe. Bila hivyo ukungu utaota juu ya dawa kabla ya mvua za mwaka ujao, na ukungu ulioota ndani ya utando hautoki kwa kuosha.